Gertruda Aliyetokwa na Maziwa Bila Kuzaa

Ndugu mliofika, nasoma kwa niaba ya Hieronimo, kaka wa marehemu, ambaye kwa hasira hawezi kusoma mwenyewe, hivyo tulieni, na mnaojijua msijitie hamnazo.

Marehemu Gertruda alizaliwa Vigwaza mwaka 1862, akaletwa misheni hapa Bagamoyo akiwa mdogo, akabatizwa siku ya Pasaka mwaka 1871, akafundishwa na masista kusoma na kushona, na tangu mwaka 1877 mavazi ya mapadri mnayoyaona altareni yalipita mikononi mwake. Tarehe 3 Februari 1880 alifunga ndoa na Ferdinandi, seremala, ambaye leo amekaa nyuma kabisa.

Watoto hakujaliwa. Hapa wengine husoma mbio wakapita, sisi hatupiti. Mwaka 1883 damu yake ya mwezi ilikatika, na mwezi Agosti maziwa yakaanza kumtoka, nguo ikalowa kanisani, mkapata la kusema. Mkunga Natalia akamkamua mbele ya wanawake, kama afanyiwavyo mwari anayeshukiwa mimba, akatamka kwamba maziwa hayo ni ya mzazi, basi mtoto yuko wapi. Hakuna aliyeuliza hilo tumbo lilikua lini, na kisimani mlikuwa naye kila siku. Mkachimba shamba lake kutafuta kaburi la kichanga, mkakuta mihogo, na bado Ferdinandi akamrudisha kwa Hieronimo, kijijini Zinga, tarehe 12 Septemba.

Kichwa kikamuuma asilale, akapigwa chuku kutolewa damu, akanyweshwa kwinini, akapungwa pepo, akapewa na kitubio kwa dhambi asiyoitenda. Macho yakaacha kuona pembeni, akawa anajigonga milangoni, mkasema anajifanya.

Mei 1887 daktari wa meli iliyotia nanga hapa alimpima macho, akamuuliza habari za damu na maziwa bila kumdharau, akaeleza kwamba kwao aliwahi kupasua maiti ya mwanamke mwenye dalili hizo hizo, asiye na mtoto, akakuta uvimbe chini ya ubongo umebana mishipa ya macho. Maziwa yalitokaje hakujua, na dawa alikiri hana. Hieronimo akayafikisha maneno hayo kwa Ferdinandi, akajibiwa kwamba Mzungu hamjui mkewe.

Gertruda alifariki Zinga tarehe 9 Novemba 1887, alfajiri, akiwa kipofu, akiomba jambo moja tu, jina lake lisafishwe kabla hajazikwa.

Tunamshukuru daktari yule, tunawashukuru mafundi wenzake wa kushona, na Bi Chausiku, jirani Mwislamu aliyemwogesha na kumlisha mpaka mwisho. Majirani wengine, shukrani zenu hatukuja nazo.

Gertruda hakuzaa, hakuficha, hakuua. Ferdinandi, umeomba kushika jeneza mbele, basi simama kwanza uyaseme hayo kwa kinywa chako, watu wasikie, ndipo ushike.

Gertruda, wewe pumzika kwa amani. Sisi tunamngoja Ferdinandi.