Risala ya Watarizi wa Sarai Mehdi Kuhusu Mgongo wa Gauni

Mgeni rasmi, Bibi Ishita Varadkar, mbunifu wa mavazi kutoka Mumbai. Mwenyekiti wetu, Bibi Qudsia. Dobi wetu, Bwana Ramdin, ambaye leo amevaa shati lililopigwa pasi na hatujui alilitoa kwa mteja gani. Akina mama wote wa sindano: asalaam alaikum, namaste, na karibuni.

KARIBU

Mgeni rasmi, umefika siku mbili kabla ya siku tuliyokutarajia. Tumefurahi sana, ingawa ukitutazama usoni unaweza kudhani tumefiwa. Hatujafiwa. Tunakuomba tu unywe chai yako taratibu na usisimame mpaka tufike mwisho. Mwenyekiti aliagiza risala iwe ya ukurasa mmoja. Sisi tukaona kadiri inavyokuwa ndefu ndivyo tunavyochelewa kufika pale tunapopaogopa.

HISTORIA YETU

Kikundi chetu kilianza na wanawake saba, na sasa tupo thelathini na mmoja. Kama unavyojua, hapa hakuna anayetarizi nguo nzima. Fundi cherehani, Bwana Iqbal, hukata vipande, mchapaji hupiga maua kwa wino wa buluu, kisha kila kipande huzunguka nyumba kwa nyumba. Huyu hutia majani, yule vikonyo, mwingine punje ndogo kama mchele. Mwisho Bwana Ramdin anafua mpaka buluu yote inatoka, ndipo vipande vinaunganishwa.

Matundu ya wavu ni ya Khala Hasina, aliyeketi safu ya pili na kujifunika ushungi mpaka puani. Tunamwita Khala, yaani mama mdogo, hata waliomzidi umri. Sindano yake husukuma nyuzi za melimeli kando, moja moja, mpaka kitambaa kinakuwa wavu, na hakuna uzi hata mmoja uliokatwa. Hapa kijijini wamebaki wawili wanaoiweza kazi hiyo. Wa pili ni dada yake, na hawasemezani.

Tunayo pia desturi moja, na tunaomba uisikilize vizuri. Kipande kikikufikia kina tundu, unaliziba. Huulizi nani kakitoboa, wala humwambii mtu. Leo tundu ni la mwenzako, kesho ni lako, na hakuna haja ya mtu kuaibika kwa ajili ya kitambaa.

MAFANIKIO

Kwa miaka mingi kazi zetu ziliuzwa sokoni kwa mafungu, kama mchicha. Wewe ndiye uliyekuja ukakaa chini na sisi, ukala kebabu za Bibi Qudsia bila kulalamikia pilipili, ukasema gauni letu litapita kwenye zulia jekundu kule Ufaransa, likiwa mwilini mwa mwigizaji ambaye picha yake imebandikwa kwenye kioo cha kinyozi wetu. Ukasema jina la Sarai Mehdi litatajwa, na gauni likipokelewa vizuri utatupa magauni ya msimu mzima wa harusi.

Tunayo furaha kukuarifu kwamba mikono ya gauni haina tatizo. Kifua hakina tatizo. Pindo lina majani mia sita na halina tatizo hata kidogo. Tungependa kuendelea kulizungumzia pindo.

CHANGAMOTO

Changamoto ya kwanza ni umeme. Ya pili ni miwani: tunayo tisa, na tunaazimana.

Ya tatu ni mgongo.

Mgeni rasmi, mchoro wako ulikuwa na mgongo wazi, kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Mchoro huo ulikuwa kwenye simu ya Bwana Iqbal peke yake. Alikata alivyoagizwa. Kipande kikafika kwa Khala Hasina kina tundu linaloweza kupitisha kichwa cha mbuzi. Khala akajua ni panya, au mkasi umemponyoka Iqbal wa watu. Hakuuliza. Alitia kiraka cha melimeli, akakitarizi kuwa wavu, akamaliza baada ya siku kumi na tisa.

Alhamisi tulipounganisha vipande, sote tulishangilia. Kisha Bwana Iqbal akafungua simu.

"Jamani," akasema, "huu mgongo umetoka wapi?"

"Si wa gauni?" akauliza Khala.

"Gauni halina mgongo, Khala. Ndivyo lilivyo."

"Acha utani, wewe. Mtu avae tundu kwa makusudi? Na baridi ya huko?"

"Sasa Iqbal, mbona hukutuambia?" mwenyekiti akafoka.

"Ningeanzaje, Apa, dada yangu? Nisimame mbele ya Khala niseme kuna binti wa watu atatembea mgongo nje? Nilitegemea mtaliona wenyewe!"

Tulicheka, mgeni rasmi, hatukatai. Tulicheka mpaka tulipokumbuka kwamba zimebaki siku kumi na moja kabla ya zulia jekundu. Hapo Khala akasema, "Nileteeni mkasi. Nimeliziba mimi, nitalizibua mimi."

Akaletewa. Miaka hamsini ya kusukuma nyuzi kando bila kukata hata mmoja, sasa ameshika mkasi juu ya wavu wake mwenyewe. Akaufungua, akaufunga tena. Bwana Iqbal akamnyang'anya.

"Basi, Khala. Aibu uliyokuwa unaificha ni yangu. Niachie niibebe."

"Utaibeba wapi, na mgongo wenyewe ndio huo?" akajibu Khala, na hapo ndipo alipoanza kulia.

Tangu siku hiyo mkasi umepita mikononi mwetu sote. Hakuna aliyekata.

MAOMBI

Ombi la kwanza: usiliangalie gauni likiwa mezani. Wavu ukilazwa juu ya meza unafanana na kitambaa chakavu. Tumemvalisha binti wa mwenyekiti, amesimama nyuma ya pazia hili. Tukilivuta, atageuka. Utaona ngozi yake kupitia wavu. Mgongo uko wazi, mgeni rasmi, ila kwa matundu elfu kadhaa badala ya moja.

Ombi la pili: usimlaumu Khala, wala usimlaumu Iqbal kupita kiasi. Kosa lake ni kuona haya tu.

Ombi la mwisho ndilo gumu. Ukiona bado unataka mchoro wako, gauni ni lako na tunajua tutakachopoteza. Ila kukata, ukate wewe. Mkasi uko kando ya kikombe chako. Sisi tumekubaliana, mbele ya Khala, kwamba hakuna mkono wa Sarai Mehdi utakaoukata wavu ule, hata kama msimu wa harusi utatupita.

Hatuna la kuongeza. Pazia linavutwa sasa.

Mwenyezi Mungu akujalie macho mema, safari salama na afya tele, na akulindie mikono yako yote miwili, hasa wa kulia.

Ni sisi,
Watarizi wa Sarai Mehdi, wanawake thelathini na mmoja na fundi cherehani mmoja.