Siku Alizouguzwa Askari Athman

Risala ya watu wa mji wa Pate kwa Bwana Mudiri Jamaludin bin Abdulkadir, alipotutembelea kwa mara ya kwanza, Mfunguo Pili, mwaka wa 1912

Mgeni rasmi, Bwana Mudiri wetu, assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

KUKUKARIBISHA

Umeshuka Mtangawanda na kuja kwetu kwa miguu, jua likiwa kali, ilhali ungeweza kutuita tukufuate Lamu. Tumeliona hilo na tumefurahi. Karibu, Bwana. Kwetu ni kwako.

MJI WETU

Pate ilikuwa na wafalme, na majumba yao umeyapita njiani. Leo ndani ya kuta zile tunalima tumbaku, na hatuoni haya kusema hivyo, kwa kuwa tumbaku hiyo ndiyo inayotuvisha na ndiyo inayolipa kodi ya nyumba zetu.

TULIYOJALIWA

Tumeezeka upya msikiti wa Ijumaa na kusafisha kisima cha kaskazini. Kodi ya mwaka huu tumeilipa sote. Nyumba moja tu ilichelewa, na hiyo ndiyo tunayotaka kukueleza. Mambo mengine yatangoja siku nyingine.

SHIDA ILIYOTUPATA

Bi Mwanamkisi binti Gharib ni mjane. Nyumba yake iko nyuma ya msikiti. Kila mwaka akishauza tumbaku yake hupeleka kodi kabla ya kuulizwa, tena huwakumbusha waume wa watu. Mwaka huu tumbaku ilikuwa bado imetundikwa ndani ikikauka alipopata habari kuwa binti yake, Hadia, amejifungua kwa shida huko Kiwayu na hana wa kumtazama. Alifunga mlango akaondoka siku ile ile. Alikaa huko hata binti akatoka arubaini.

Aliporudi, mkusanyaji kodi alikuwa amekwisha kupita, na hesabu imefungwa. Bi Mwanamkisi aliuza tumbaku, akaenda na rupia zake, akaambiwa amechelewa: jambo lake limepelekwa mahakamani Lamu, angoje samansi.

Samansi ililetwa na askari kijana, Athman, mtu wa mrima asiye na ndugu visiwani. Homa ilimshika chomboni. Alifika mlangoni kwa bibi huyu akitetemeka, akauliza kama hapo ndipo kwa Mwanamkisi binti Gharib. Akajibiwa ndipo, aingie akae. Hakuwahi kuitoa karatasi. Alianguka kizingitini.

Bi Mwanamkisi alimlaza kwenye kitanda cha marehemu mumewe. Akampa mafusho ya majani ya mndimu, akampikia uji wa mtama, akamnywesha kwa kijiko kama mtoto. Usiku wa homa kali, kijana aliweweseka akimwita mamake, na bibi akawa anaitika. Jirani yake, Bi Mwanaarabu, alimwonya kwamba huyo amekuja kumshitaki, akipona atamtoa nyumbani.

Bi Mwanamkisi akasema, "Nayua. Lakini na yeye ana mamake mahali, na mamake hayuko hapa."

Athman alipopata nguvu za kukaa aliitoa karatasi mfukoni, akaishika muda mrefu bila kumtazama mwenyeji wake. Siku ya kesi ilikuwa imekwisha kupita. Hukumu ilikuwa imetoka, naye Bi Mwanamkisi hayuko.

Baadhi yetu tulifuatana na bibi huyu hadi Lamu. Kodi aliilipa pale pale, ikapokelewa. Kisha karani akasoma gharama za kesi: ya karatasi, ya chombo, na ya askari kwa kila siku aliyokuwa nje ya kituo. Hiyo ya mwisho ilizidi kodi yenyewe mara nyingi, kwa kuwa zilihesabiwa siku zote za homa.

Athman alisimama bila kuitwa. "Bwana," alisema, "siku hizo sikuwa kazini. Nilikuwa mgonjwa wa mama huyu."

Karani hakuwa mtu mbaya. Alisema kwa upole kwamba sheria haina mahali pa kuandika maneno hayo. Bi Mwanamkisi akapewa muda hadi mwisho wa Mfunguo Tatu. Asipolipa, nyumba itauzwa.

Huko pwani Athman alimfuata, akataka kumtilia mshahara wake mkononi. Bibi aliufunga mkono wa kijana kwa mikono yake miwili.

"Ukinilipa, mwanangu, utakuwa umenunua uji wangu," alimwambia. "Nami sikuuza."

Nasi tulitaka kuchanga, Bwana Mudiri. Alitukatalia vile vile. Alisema karatasi na chombo atalipa, hata kwa kuuza bangili zake, kwa sababu kuchelewa alichelewa. Lakini siku zile akizilipa atakuwa amekiri kwamba ni deni, na moyo wake haukiri. Tumemsihi, na wanawake wamemlilia. Jibu lake ni hilo hilo.

OMBI LETU

Hatuombi asamehewe kodi, ameilipa. Hatusemi mahakama imedhulumu, imefuata ilivyoandikwa. Tunaomba wewe, unayeujua mji na mila, utusemee Lamu: siku alizolala Athman katika nyumba ile zifutwe katika gharama, kwa kuwa zilikuwa siku za mgeni, na kwetu mtu hatozwi kwa ajili ya mgeni.

Ikiwa haiwezekani, Bi Mwanamkisi ametutuma tuseme kwamba hatagombana na serikali. Nyumba itachukuliwa, naye atakwenda Kiwayu kwa bintiye. Ila yeye mwenyewe ana ombi moja, na ametuapisha tusilisahau. Siku ya kuufunga mlango ule, asitumwe Athman. Atumwe askari mwingine yeyote. Anasema kijana yule hataweza, na si haki kumpa kazi hiyo.

Mwenyezi Mungu akulinde katika safari yako, aulainishe ulimi wako mbele ya wakubwa, na awahifadhi wote walio mbali na mama zao. Amin.

Ni sisi, watu wa mji wa Pate, wake kwa waume.
Msomaji: Twahir bin Nur