Katundu Kwenye Kidole cha Filemoni

Eti, "Bibi, katundu kama ka sindano hakawezi kumuua mwanaume mzima, huyu kalogwa na mke wake, tukitoka makaburini asirudi humu ndani," ndivyo alivyoniambia Sedekia, kaka yake marehemu, asubuhi hii mbele ya jeneza, nikamwambia ngoja kwanza, ukoo umenipa mimi kueleza maisha ya mdogo wako, nikimaliza ndiyo umfukuze, kama bado una mdomo.

Filemoni alizaliwa hapa Igowole mwaka 1926, padri ndiye aliyeandika, akasoma mpaka darasa la nne, baba yake akafa, akaenda kuchuma chai, mwaka 1949 akamwoa Verediana huyu mnayemwona amekaa chini, wakapata Benedicta na Bartholomeo, na ugomvi wote wa ukoo huu unapita mlangoni kwangu, ila wa hao wawili sikuwahi kuletewa.

Mwaka 1952 akapata kazi Mbeya, gereji ya malori, fundi wake Muhidini, yule pale mwenye kofia, akamfundisha bomba la grisi, kwamba grisi ishindiliwe kidogo kidogo, bomba ligongwe kwenye ubao upepo utoke, mdomo wake ufutwe, ubanwe sawasawa kwenye chuchu ya chuma ya lori, pale grisi inapoingilia, ndipo usukume mpini wake, na grisi isipotoka ijaribie kwenye kitambaa, kidole kaa nacho mbali, na Filemoni alifuata hivyo miaka yote.

Jumatatu tarehe 3 Juni mwaka huu wa 1957, baridi mnaijua wenyewe, grisi ilikuwa imeganda kama mafuta ya ng'ombe, ilitaka isogezwe kwanza motoni, lakini dereva anapiga honi, Filemoni akaijaza hivyo hivyo, upepo ukabaki ndani, akasukuma, kimya, akasukuma tena, kimya, akaziba mdomo wa bomba kwa kidole asikie kama inakuja, ikaja kwa nguvu, ikatoboa kidole.

Hakulia, alicheka, damu hata tone hakuna, "Fundi, bomba lako limeniuma kama mbu," Muhidini hakucheka, akamwambia, "Nenda hospitali sasa hivi, hiyo imeingia ndani," yeye akasema ngoja nimalize lori, jioni akalipanda lori hilo hilo akaja nyumbani, kidole kimekuwa cheupe, cha baridi, asubuhi kimevimba, kesho yake cheusi.

Verediana akalia mume wake apelekwe hospitali, na wewe Sedekia ukasema mwanamke anyamaze, tunamsubiri mganga, akasubiriwa, mganga akaja akafunga dawa, kidole kikanuka nyumba nzima, na alipofikishwa hospitali daktari akakata kidole, akakata mkono, grisi ilikuwa imeshatembea mpaka kwapani, akafariki Ijumaa tarehe 14.

Tunawashukuru madaktari waliopigana na kitu kilichowatangulia, majirani waliochimba kaburi kwenye umande, na wenzake wa gereji waliomleta kwa lori lile lile, lipo nje, mnalisikia.

Verediana, ukitoka makaburini rudi kwako, washa moto wako, na wewe Sedekia utampisha mlangoni.

Filemoni mjukuu wangu, lala, umechoka.

Na nyie mnaorudi na lori leo, baridi bado ipo, grisi bado imeganda, kila mtakayemkuta Chimala, mtakayemkuta Mbeya, amechuchumaa na bomba mkononi, mwambieni aondoe kidole, hata akiwacheka mwambieni, naye amwambie mwenzake.