Miaka Ishirini na Saba ya Sababu za Vita

Alhamisi, tarehe 30 Novemba 1995, Mwalimu Kazungu Gunga ataweka chaki chini baada ya miaka ishirini na saba ya utumishi katika Kituo cha Elimu ya Watu Wazima cha Bokoni, hapa Tudor. Kamati ya kuagana imeniomba mimi niandike wasifu wake kwa sababu, eti, mwalimu wa hisabati hawezi kutia chumvi. Nadhani sababu yenyewe ni kwamba darasa langu limepakana na lake tangu mwaka wa 1976, na katika kituo hiki hakuna aliyeteseka kwa ajili ya somo la Historia kama nilivyoteseka mimi.

Mwalimu alizaliwa Ganze mwaka wa 1940. Aliletwa hapa mwaka wa 1968 kuwafundisha makuli wa bandari kusoma na kuandika. Kufikia mwaka uliofuata makuli hao walikuwa wakisoma gazeti na kubishana nalo, na Mwalimu akaomba apewe Historia. Tangu wakati huo, zaidi ya watu mia nne wamepata vyeti kupitia mikononi mwake: makarani, madereva, wauguzi, na wakili mmoja ambaye nasikia mpaka leo huanza kila kesi kwa kumweleza hakimu kwamba jambo hili lina sababu za mbali na sababu za karibu.

Wote mnaijua sura yake. Shati jeupe la mikono mifupi, kalamu mfuko wa kulia, chaki mfuko wa kushoto, na siku akichanganya mifuko hutuandikia ripoti kwa chaki. Hutembea kwa miguu kutoka nyumbani mpaka kituoni, jua liwe kali namna gani, na njiani husalimia kila mtu kwa ukamilifu, akiulizia wazee, watoto na mifugo. Ndiyo maana kipindi chake cha saa kumi na nusu huanza saa kumi na moja.

Mapenzi yake yote yako kwenye mada moja: sababu za Vita Vikuu vya Kwanza. Mada nyingine huzifundisha kama mtu anayemeza dawa. Ukimuuliza kuhusu vita vyenyewe, nani alishinda, mizinga ilikuwa mingapi, hukujibu kwa ufupi na kutazama saa. Lakini ukimuuliza ni kwa nini mataifa yenye shule, reli na wafalme waliokuwa binamu yaliamua kuchinjana, basi vuta kiti. Mkewe, Bi Zilpah, ameniambia kwamba hata nyumbani ugomvi wa chumvi kuzidi mchuzini Mwalimu huanza kuuelezea tangu mwaka wa 1871, Ujerumani ilipoungana.

Mbinu yake ya kufundisha haiko katika kitabu chochote. Kila mwaka, mada ikianza, wanafunzi hupiga kura ya vikaratasi na kila mmoja hupata nchi. Nchi huwa na mpaka, ambao ni dawati. Huwa pia na mrithi wa kiti cha enzi, ambaye ni kitu chochote cha thamani kinachowekwa juu ya dawati hilo. Halafu nchi huandikiana mikataba ya kulindana. Hapo ndipo Mwalimu, kwa miaka yote hiyo, alipofanya kosa lake moja kubwa: aliipiga mikataba ile muhuri wa kituo. Wanafunzi wetu ni watu wa bandari na reli. Kwa watu hawa karatasi isiyo na muhuri ni ya kufungia karanga, na yenye muhuri ni sheria, hata kama imeandikwa kwamba mwanafunzi Mung'aro atamlinda mwenzake Kadzo dhidi ya uvamizi wowote wa Austria.

Sasa nieleze ya mwaka huu, kwa kuwa wengi mmesikia vipande vipande na kila mtu ana kipande chake.

Bonface, karani wa reli, aliipata Austria. Mrithi wake alikuwa chupa ya chai ya kijani, kubwa, aliyopewa kazini kwa kutochelewa miaka kumi. Kadzo, anayeuza viazi karai, vile vya kukaangwa na unga, pale ufukweni Mama Ngina, aliipata Serbia. Jumatano tarehe 28 Juni, Kadzo alipita nyuma ya dawati la Bonface na kikapu chake chenye sufuria. Sufuria ikaigonga chupa, chupa ikaanguka, na sote tulisikia kioo cha ndani kikisagika. Mwalimu mwenyewe alitazama tarehe ukutani, akaketi taratibu. Tarehe hiyo hiyo, mwaka wa 1914, ndipo mrithi wa Austria alipouawa kule Sarajevo.

Bonface angeweza kupokea pole, yakaisha. Lakini alikuwa amesoma. Aliandika makataa ya masharti kumi, kwa herufi kubwa, akampa Kadzo saa arubaini na nane. Kadzo aombe radhi kwa maandishi. Kadzo aache kusema kwamba chai ya reli ni maji ya moto. Kadzo asipite tena nyuma ya dawati lolote akiwa na chombo cha chuma. Na kadhalika, mpaka sharti la kumi: Bonface aruhusiwe kufika mwenyewe Mama Ngina, kwenye kibanda, akague vyombo vyote ili ajulikane aliyehusika.

Kadzo aliyakubali tisa, na kwa upole uliotushangaza sote. La kumi alilikataa. Alimwambia Mwalimu mbele ya darasa, "Radhi nitaomba hata mara mbili, lakini ukwaju wangu hauchunguliwi na mtu." Wanaoijua Mama Ngina jioni watamwelewa. Kuna vibanda vingi vya viazi karai pale, na watu hupanga foleni kwake tu, na ni kwa sababu ya mchuzi wake huo wa ukwaju.

Bonface akatangaza vita. Hapo mikataba yenye mihuri ikatolewa mifukoni. Mung'aro, aliyekuwa Urusi, alisimama upande wa Kadzo, ingawa ilimchukua siku mbili kufika kusimama, kwa kuwa huendesha lori la taka kule Kibarani na lori lilikuwa limeharibika. Tom, fundi wa winchi bandarini na Ujerumani wetu, alikuwa amemwahidi Bonface kusimama naye kwa lolote kabla hata ya kuuliza ni lipi. Na kwa kuwa Mung'aro alikuwa na mkataba na Mejumaa, mshonaji wa Mji wa Kale aliyekuwa Ufaransa, Tom akaona ni afadhali aanze na Mejumaa. Sababu za mbali zilikuwepo: Mejumaa alikuwa na kiti cha dirishani, chenye upepo, na Tom alikuwa akikitamani tangu Januari.

Mejumaa alikuwa ameuziba upande wa mbele kwa mabenchi. Kwa hivyo Tom aliamua kumzunguka na kutokea nyuma. Njia ya nyuma inapita katika darasa la Hisabati.

Naomba ieleweke kwamba mimi sikuwa na mkataba na mtu yeyote. Nilikuwa nikifundisha asilimia. Mlango ukafunguka, akaingia Tom na wenzake watatu wakiwa wamebeba dawati, wakaniamkia kwa adabu, wakapita kati ya wanafunzi wangu, wakafuta kwa mabega yao nusu ya hesabu zilizokuwa ubaoni, na kutokea mlango wa pili. Kutoka upande wa pili wa ukuta nilimsikia Mwalimu Kazungu akisema kwa sauti ya furaha tupu, "Ubelgiji! Jamani, hii ni Ubelgiji!" Ndiyo nchi isiyokuwa na ugomvi na mtu ambayo Ujerumani ilipita katikati yake kuivamia Ufaransa.

Mejumaa hakutoka. Alisema, "Mwalimu, kiti changu nshakizowea, na mtu mzima hang'olewi kitini kama jino." Tom akasema basi darasa lenyewe halifai. Kesho yake hakuja, wala Bonface hakuja. Kadzo naye akasema hawezi kuja mahali ambapo hawapo wa kushindana nao, na Mung'aro na Mejumaa wakamfuata kwa mujibu wa mkataba. Kila nchi iliondoka na rafiki zake. Darasa la watu kumi na wanne likabaki na watatu: Uswisi, Uholanzi na Hispania.

Mwalimu, na hili nalisema nikiwa nampenda, alifurahi. Kwa siku nne alitembea uani na daftari akiandika. Alimwambia kila mtu kwamba katika miaka ishirini na saba hakuna darasa lililoielewa mada kwa kina namna hii.

Siku ya tano ikaja barua. Mkaguzi angefika Ijumaa tarehe 28 Julai, na darasa lolote lisilokuwa na watu kumi na wawili waliosajiliwa na kuketi lingefungwa, chumba kipewe wanaojifunza taipu. Mwalimu aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi. Alikuja mlangoni kwangu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akanionyesha. Hakutaja mwaka wa 1914 hata mara moja. Alisema tu kwamba amebakiza miezi minne, na hakudhani angestaafu kutoka chumba cha taipu. Hapo nikaacha kumkasirikia kuhusu ubao.

Wiki iliyofuata alizunguka kisiwa chote kwa miguu. Alikwenda reli kwa Bonface, na Bonface akasema atarudi Kadzo akirudi kwanza. Alikwenda Mama Ngina kwa Kadzo, na Kadzo akasema atarudi Bonface akirudi kwanza, akampa sahani ya viazi. Tom alimsubiri Bonface, Mejumaa alimsubiri Mung'aro, na Mung'aro, aliyefuatwa mpaka Kibarani kwenye moshi wa jalala na korongo wale wakubwa wa kula taka, alisema yeye hana neno na mtu ila karatasi yake ina muhuri. Hapo, Mung'aro ananiambia, Mwalimu alivua miwani na kuomba msamaha. Alisema kwamba alikuwa amewapa watu silaha kisha akakaa kando na daftari, na kwamba kati ya sababu zote alizozifundisha, hakuwahi kumtaja mwalimu. Alirudi kwa kila mmoja wao akasema maneno hayo hayo, bila sharti.

Ijumaa ikafika. Mkaguzi, Bwana Nicodemus Baya, aliketi darasani na rejista mapajani, mbele ya Uswisi, Uholanzi na Hispania. Mimi nilichungulia nje. Walikuwa wamekuja. Bonface na Tom na watu wao walisimama upande mmoja wa ua, Kadzo na wake upande wa pili, na kati yao kulikuwa na mlango mmoja ambao hakuna aliyekubali kuwa wa kwanza kuupita. Nafsi zao zilitaka kuingia, jamani, ilikuwa wazi kabisa, na miguu haikwenda. Mwalimu alikuwa mlangoni akiwatazama, na nilimwona amenywea.

Nikafungua mlango wangu. Niliwaita Kadzo na wenzake wapite kwangu, tena upesi, huku Bonface na wenzake wakipita kwa Mwalimu. Waliingia darasani dakika moja, kwa milango miwili, na mpaka leo hakuna anayeweza kuthibitisha nani alitangulia.

Bwana Baya akahesabu. Akahesabu tena. Mimi nilikuwa nimeshajua, maana ndiyo kazi yangu: kumi na mmoja. Watatu walikuwa wamesafiri makwao. Mwalimu akaanza kukusanya chaki zake mezani, moja moja, akizirudisha katika pakiti.

Nilisema yupo wa kumi na mbili, ni mimi. Niliiacha Historia kidato cha pili, sina cheti chake, na hakuna kanuni inayomkataza mwalimu kusoma. Bwana Baya si mjinga. Aliniangalia, akaniuliza kama mwanafunzi huyu anaweza kumtajia sababu za vita hivyo.

Kwa miaka kumi na tisa nimewaambia watu kwamba sisikilizi yanayosemwa ng'ambo ya ukuta. Nilisimama nikazitaja zote. Miungano ya mataifa, mashindano ya silaha, tamaa ya makoloni, uzalendo uliopita kiasi, mauaji ya Sarajevo. Nilieleza makataa ya Austria na kwa nini sharti moja lilikataliwa. Nilikohoa pale Mwalimu anapokohoa, kabla ya Ubelgiji, na nikauliza "Tuko pamoja?" baada ya Urusi, bila kukusudia, kwa sababu ndivyo ninavyolijua somo. Darasa zima lilicheka, Tom na Mejumaa wakiwa wamebanana dirishani. Mwalimu Kazungu hakucheka. Alisimama ameshika pakiti ya chaki, machozi yakimtoka waziwazi, na Bwana Baya akaandika kumi na mbili.

Darasa lipo. Mitihani tumemaliza mwezi huu, na majibu yangu yalikuwa marefu kupita kiasi. Bonface amepata chupa nyingine, ya rangi ya samawati, anayoiweka chini ya dawati. Ukwaju bado haujachunguliwa. Muhuri wa kituo unakaa kabatini kwa mkuu, na ufunguo ninao mimi.

Januari atakuja mwalimu mpya. Nimeambiwa ana sauti ya chini, na wenzangu wamenipongeza kwa hilo. Wasinipongeze. Nitafundisha asilimia zangu katika utulivu niliouomba miaka kumi na tisa, na nitauchukia.

Mwalimu Kazungu, asante kwa kila ulichotufundisha, na zaidi kwa safari ile ya Kibarani. Nenda Ganze salama na Bi Zilpah. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na miaka mingi ya raha. Ukichoka na raha hiyo, njoo. Kiti kipo, upande wangu wa ukuta.

Caroline Mbodze
Mwalimu wa Hisabati, mwanafunzi wa Historia