Bridget Chepngetich, Aliyewapeleka Watu Msituni

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika hapa kanisani St Marys kutushika mkono, mpendwa wetu Bridget Chepngetich Koros alizaliwa alfajiri ya tarehe 14 Machi 1971, katika nyumba za walinzi wa msitu karibu na Londiani, nchini Kenya, akiwa binti wa tatu wa marehemu Mzee Elkana Koros na marehemu Mama Ludia. Kwa desturi ya Wakipsigis, wanawake waliomzalisha walitaja majina ya waliotangulia, moja baada ya jingine, hadi mtoto akapiga chafya, na jina alilolipigia chafya lilikuwa Tapkigen, la mama yake Mzee Elkana, jina ambalo halikutumika tena nyumbani, wala mume wa Bridget hakulisikia kwa miaka mingi.

Alianza shule ya msingi Londiani mwaka 1978, akamaliza kidato cha nne Kericho mwaka 1989, akasomea uuguzi Nakuru na kuhitimu mwaka 1994. Aliajiriwa katika hospitali moja ya mji huo, na huko ndiko alikomhudumia Douglas Mugambi, mwalimu kutoka Meru aliyevunjika mguu, ambaye aliendelea kurudi kliniki miezi mingi baada ya mguu kupona. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1998, wakajaliwa watoto wawili, Rufus mwaka 1999 na Makena mwaka 2003, na Februari 2008 familia ikahamia hapa Sydney, Australia, ambako marehemu alifanya kazi katika nyumba ya wazee hadi nguvu zilipomwishia.

Wengi wenu mlimjua kwa uwindaji, na mlicheka mliposikia. Mwaka 2012 chama kimoja cha wawindaji, ambacho wazee wake walikuwa wakipungua kila mwaka na ambacho ada zake zililipia kunasa mbweha na kujenga uzio wa kuwalinda kangaruu wadogo wa miambani, kilikuwa kikitafuta watu wapya, naye akajiunga, akafaulu mafunzo, akapata leseni, kwa sababu, alituambia, misonobari ya nyuma ya Oberon, mji mdogo wa milimani magharibi mwa Sydney, ilinukia kama utotoni kwake. Hakukaa na furaha hiyo peke yake. Aliwaleta wauguzi wenzake, akawaleta vijana wa kanisani, akamleta ndugu yetu Symphorien wa Bankstown, Mkongo aliyekuwa akifanya kazi ghalani, na mkewe Faida akakubali kwa shingo upande, akisema, "Dada Bridget, mimi nakupa bwana mzima, unirudishie mzima."

Haya yafuatayo marehemu mwenyewe aliagiza yasomwe, nasi tunayasoma kama alivyoyaeleza.

Jumamosi tarehe 6 Juni 2015, katika mapumziko marefu ya mwezi huo, ambao huku ni majira ya baridi, msitu ule wa umma ulijaa watu kuliko alivyowahi kuona, mahema yamebanana kando ya barabara, bunduki zinalia pande zote, na katikati ya kelele hizo hakuna ndege aliyelia hata mmoja, jambo lililomtia baridi iliyozidi ile ya theluji chini ya miguu yake. Alishuka peke yake kuelekea kijito, na ng'ambo yake akaona dume la kulungu limeinamisha kichwa, pembe zake wazi, mvuke ukilitoka puani, akalenga, akaweka kidole kwenye kifyatulio. Hapo sauti ya mwanamke mzee, nyuma ya sikio lake la kushoto, ikasema kwa Kikipsigis, taratibu, kama mtu anayemzuia mtoto asiguse chungu cha moto, "Tapkigen, ngoja." Alishusha bunduki na kugeuka. Hapakuwa na mtu, na juu ya theluji palikuwa na nyayo zake tu. Alipotazama tena ng'ambo, Symphorien alikuwa amepiga magoti akinywa maji, kizibao chake cha rangi ya chungwa, kile cha kumtambulisha mwindaji kwa wenzake, amekitundika mtini kikauke.

Symphorien, ambaye yuko nasi hapa, hakuona bunduki. Aliona, asema, Dada Bridget akishuka kilima na bibi kizee akimfuata, amejitanda ngozi mabegani, akadhani ni mmoja wa wageni wa mahemani, akawapungia mkono wote wawili.

Jumatatu ile marehemu alimpelekea Faida mumewe hadi mlangoni, akamweleza kila kitu, akairudisha bunduki yake kwa muuzaji na hakushika nyingine. Kwenye mkutano wa chama, mwezi Septemba, aliomba idadi ya wawindaji iwekewe kikomo katika kila safari. Mwenyekiti akamjibu kwamba watu wachache ni ada chache, na ada chache ni uzio kubomoka, naye akasema, "Basi waambieni na wanaokuja kutembea na mbwa wachangie, maana kangaruu ni wa kwao pia. Mimi watu hawa nimewaomba kwa wake zao na mama zao." Siku hiyo alishindwa kwa kura, lakini mwaka uliofuata chama kilikubali, na kanisa hili, kwa kusukumwa naye, likaanza kuchangia uzio ule.

Novemba 2018 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akatibiwa kwa uvumilivu mkubwa. Wiki ya mwisho hospitalini alizungumza Kikipsigis tu, na mtu aliyeonekana kwake peke yake, amesimama miguuni pa kitanda, kwa adabu, kama mwenye nyumba anayemwomba mgeni radhi. Jirani yetu Ishmael, Mkipsigis mwenyeji wa Bomet, alipoketi naye, Douglas alimwuliza anasema nini. Ishmael alimwinamia mgonjwa kwanza, akasikiliza. Kisha akasema, "Anawataja watoto kwa majina, mmoja mmoja. Anasema, hawa bado, nakuja mimi." Alituaga alasiri ya tarehe 9 Agosti 2019, akiwa na miaka arobaini na minane.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake waliobeba zamu zake, wanachama wenzake wa uwindaji, majirani, Ishmael, na Faida, ambaye tangu msiba uingie hajatoka jikoni kwetu.

Mama Rufus, wote uliowapeleka msituni walirudi makwao wazima. Sasa pumzika nawe, kwa amani.