Elkana Kipchirchir na Meli Nne za Kontena

Wachungaji wetu, majirani wa Kingsview Village, ndugu mliotoka Brampton, mabaharia mliosafiri kutoka Halifax, mimi ni Patrick, mdogo wake marehemu, na kwa niaba ya familia nasimama kuwasomea maisha ya kaka yetu, ambaye hakupenda mambo kufichwa, kwa hiyo na sisi hatutaficha.

Elkana Kipchirchir alizaliwa tarehe 14 Machi 1947 huko Kapsowar, Marakwet, akasoma hapo kisha Tambach, na mwaka 1968 akapata nafasi Newcastle, Uingereza, kusomea usanifu wa meli, jambo lililowashangaza wengi nyumbani, kwani hakuwahi kuiona bahari hadi aliposhuka Mombasa kuanza safari. Alihitimu mwaka 1972, akarudi Mombasa kukarabati meli, na Juni 1979 akaja hapa Toronto kuajiriwa katika ofisi ya wasanifu wa meli. Tarehe 7 Agosti 1982 alifunga ndoa na shemeji yetu Spéciose, muuguzi kutoka Bururi, Burundi, wakaanza maisha St. James Town, wakajaliwa watoto wawili, Iteka na Moïse.

Mwaka 1987 alikabidhiwa kazi ya kusanifu meli nne za aina moja, ndogo, za kuchukua kontena kutoka bandari kubwa na kuzisambaza bandari ndogo. Alizipanua ili zikae imara majini, na ya kwanza, iliyoshushwa majini Mei 1989, ikapewa jina la Iteka, jina la binti yake, naye akalia kwa furaha mbele za watu. Lakini uimara ule ulipita kiasi, maana meli ikilazwa na wimbi ilijirudi kwa kishindo na kuwarusha watu vitandani, na ofisi iliposema mabaharia wanadeka, marehemu alikwenda kujionea mwenyewe, akapanda Iteka pale Halifax, Januari 1992.

Aliyempokea ni Abdulsultan, baharia wa Zanzibar, aliyefurahi kupata mtu wa kuongea naye Kiswahili, akamwambia, “Bwana mhandisi, chombo chako hiki kina hasira, ukilala shika kitanda kwa mikono miwili.” Tarehe 19 dhoruba iliwakuta, vyuma vya kufungia kontena vikaanza kukatika kimoja baada ya kingine kwa mlio wa risasi, kontena moja lenye nondo likachomoka na kuponda mengine, Nahodha Gervais akatuma watu kulidhibiti, na marehemu akawafuata ingawa alikatazwa. Meli ilipojirudi, kontena lilimbana Abdulsultan kifuani, marehemu akamvuta, likarudi tena likamvunja yeye mkono mara mbili, na Abdulsultan akafia palepale, damu yake ikaganda barafu juu ya chuma.

Ofisini aliambiwa atie sahihi kwamba Abdulsultan hakufunga vyuma sawasawa. “Alifunga,” akasema, “kilichomuua ni upana nilioupima mimi,” na walipomsihi afikirie ajira yake, aliinyakua kwa mkono mzima sanamu ya meli ile iliyowekwa kwa maonyesho, akaibamiza mezani hadi ikawa vipande, walinzi wakamkokota hadi barabarani. Jioni ile Iteka, akiwa na miaka minane, alimwuliza kwa Kiingereza kama meli yenye jina lake imeua mtu, naye akamjibu kwa Kiswahili, “Ndiyo, mama, na mimi ndiye niliyeichora.”

Alikwenda Zanzibar kwa mjane wa Abdulsultan, Bi Zuleikha, akamweleza yote mlangoni, na mama yule akampiga kofi, akampiga la pili, kisha akamwambia, “Hizo tatu zilizobaki zina wanaume wa watu ndani yake, nenda.” Akarudi na kumfuata mwenye meli hadi nyumbani kwake, Nahodha Gervais akiwa shahidi, hadi akakubali, na kufikia Septemba 1994 meli zote nne zilikuwa zimewekewa matangi ya maji ya kupunguza kasi ya kuyumba, na vyuma vinene zaidi. Februari 1996 dhoruba kali kuliko ile ilivunja vioo vya chumba cha nahodha ndani ya Iteka, ikapinda vyuma vya ukingoni, lakini hakuna kontena lililochomoka, wala aliyekufa.

Tarehe 21 Oktoba mwaka huu wa 1997, katika karakana moja huko Hamilton, alipokuwa akipima chuma kipya cha kufungia kontena kwa kukivuta hadi kikatike, kilikatika kabla ya uzito uliotarajiwa, kipande kikaruka na kumpasua kifua. Alipozinduka hospitalini aliuliza kilikatika kwenye uzito gani, akaambiwa, akatikisa kichwa, akasema, “Basi bado, kiongezwe unene,” na alfajiri ya tarehe 2 Novemba akafariki, shemeji akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliopigana hadi mwisho, majirani mliotulisha siku zote hizi, wenzake wa kazini, hata wale waliogombana naye na leo wamekuja. Mabaharia wa meli zote nne wameomba wabebe jeneza wao wenyewe, na familia imekubali, kwa hiyo tunawaomba sasa msogee mbele.

Kaka, umefanya kazi ya kutosha, pumzika kwa amani.