Mawe Mapya ya Sauna ya Urho

— Jiwe hili limezaliwa motoni, Zalar! Utanifundisha mawe mimi?

— Limezaliwa majini, Baruti. Ndiyo maana lina mistari kama keki.

Urho alisonya. Miaka thelathini na mmoja amelipua miamba mgodini, mpaka mji mzima ukamwita Baruti. Leo anasomeshwa na Zalar, waliyemwita Profesa kwa sababu aliwahi kuendesha basi la chuo. Walikuwa kwenye benchi la kona, lile ambalo theluji ikianza huhamishiwa ndani ya duka la mikate, pamoja na wavivu wake wote. Ilikuwa Jumamosi, na sauna za mtaa mzima, vile vibanda vya kuogea kwa mvuke, zilikuwa zikifuka moshi. Ya Urho pia. Asubuhi aliondoa mawe ya zamani juu ya jiko la sauna, yale ya kumwagia maji yatoe mvuke, meusi ya mviringo, ambayo baba mkwe wake aliyaokota ufukweni, akayatumbukiza moja moja kwenye tundu lake la kuvulia samaki, katikati ya barafu ya ziwa. Akapanga mawe ya mgodini aliyoyaokota kando ya reli, mekundu, yenye mistari ya chuma inayong'aa. Ni zawadi kwa mkewe, Lempi, anayetimiza sabini leo. Saa kumi ataingia kuoga.

— Bahari ya kale ilijaa chuma, akasema Profesa. Vijidudu vikapumua, chuma kikashika kutu, kikazama. Tabaka la kutu, tabaka la gumegume, jiwe gumu kama kioo. Karibu miaka bilioni mbili iliyopita.

— Na hao vijidudu uliwapakia wewe kwenye basi?

— Cheka tu. Gumegume na moto haviivani.

— Volkano, bwana! Lilitoka motoni, linarudi kwao.

Redio, mwenzao wa tatu benchini, ambaye hajawahi kuzimwa, akaweka kikombe chini.

— Nyote hamna kitu. Hii ni nyota. Ilianguka huku inazunguka, ikajichora mistari.

— Ikachagua kuangukia kando ya reli?

— Nyota ina akili kukuzidi.

— Basi volkano ilikuwa chini ya bahari, Urho akafoka. Ikipiga chafya kila Jumamosi, mstari mmoja!

Mwanamke mgeni aliyekuwa akilipia mkate akageuka.

— Samahani, wazee wangu. Mmeshajaribu kuyamwagia maji yakiwa ya moto?

Redio, kwa mara ya kwanza, akazimika. Urho alikuwa amelipua miamba maisha yake yote, na hakuwahi kuuogesha hata mmoja. Akaangalia saa ukutani. Kumi na dakika kumi na tano.

Alikuwa ameingiza mkono mmoja kwenye koti pale mlango wa duka ulipofunguka, baridi ikaingia kwanza, kisha Lempi, koti juu ya taulo, kata ya maji mkononi, na kipande cha jiwe jekundu kilichopasuka kama biskuti.

— Tulieni, mimi mzima. Mawe nisiyoyajua huwa nayamwagia nikiwa nje ya mlango, baba alinifundisha. Haya, Urho, mawe ya baba yangu yako wapi?